Mahari kwa Simu, Nyakabere

Kwetu msichana haolewi na mtu mmoja, anaolewa na ukoo. Siku ya kupokea mahari lazima wawepo baba wakubwa na baba wadogo, mashangazi, wajomba, na wazee wa jirani wa kushuhudia. Mimi ni baba mdogo wa bibi harusi. Kaka yangu aliponipigia Bujumbura kuniambia kwamba wakwe wako tayari, hakuniuliza kama nina nafasi. Alinitajia siku, akaniagiza nipite Uvira kumchukua dada yetu mkubwa, na akasisitiza jambo moja: nije na simu iliyojaa chaji.

Sababu ya simu niliielewa papo hapo. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti 2025. Waasi wa M23 walikuwa wameichukua Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari. Siku chache baadaye walishuka mpaka Kamanyola, mlango wa bonde la Ruzizi, na hapo wakasimama. Nyumbani kwetu Nyakabere, upande wa Sange, kulibaki mikononi mwa serikali na wanamgambo wa Wazalendo. Wakwe zetu ni Washi wa Kamanyola. Kati yao na sisi kuna barabara moja tu, ile ya taifa namba 5, na wakati wa amani mtu hutoka Kamanyola asubuhi, akanunua mpunga Sange, akarudi kulala kwake. Sasa barabara hiyo ilikatwa na mstari ambao magari hayakuwa yakiuvuka.

Kuzunguka nako kulishindikana. Zamani mtu wa Kamanyola angevuka Rwanda, akashuka Burundi, akaingia Uvira kwa mlango wa Kavimvira. Lakini Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda tangu Januari 2024. Ndiyo maana wazee wa pande zote mbili waliamua kwamba mahari itazungumzwa kwa simu.

Kutoka Bujumbura hadi Uvira si mbali. Miji hii miwili inatazamana kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na usiku taa za mmoja huonekana kutoka kwa mwenziwe. Teksi ilipita Gatumba, ambako kwa miaka kadhaa maji ya ziwa na ya Mto Ruzizi yamekuwa yakipanda hadi kuingia majumbani, na kuta nyingi zina alama ya tope inayoonyesha yalikofika. Mwezi Februari njia hii ilijaa watu waliokuja upande wa pili. Wakongo zaidi ya 60,000 walikimbilia Burundi katika majuma machache, wengi wakiuvuka Ruzizi kule Cibitoke kwa chochote kilichoelea, wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Shangazi yetu mmoja alikuwa miongoni mwao. Ndiye aliyemlea bibi harusi alipokuwa mdogo, na siku ninayoisimulia alikuwa bado katika kambi ya Musenyi, kusini-mashariki mwa Burundi, mbali na ziwa na mbali na sisi.

Pale Kavimvira foleni ilikuwa ya akina mama. Wanavuka na nyanya, mafuta, sabuni na vitenge, wanarudi jioni. Niliposimama nyuma ya mmoja wao nilimwona akipanga noti kwenye mkunjo wa kikwembe chake: faranga za Burundi upande mmoja, faranga za Kongo upande mwingine, na dola moja moja katikati, zile safi zisizochanika, kwa sababu dola iliyochanika Uvira haipokelewi na mtu. Alizihesabu bila kuziangalia, macho yake yakiwa kwa ofisa wa mpakani. Mama huyo anaijua hali ya nchi tatu kwa vidole vyake, kwani kila jambo linalotokea Kinshasa, Gitega au Kigali humfikia kwanza kama tofauti ya bei.

Uvira ni mji mwembamba, umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa. Mito inayoshuka kutoka milimani huwapa watu maji, na ikikasirika huwachukua. Aprili 2020 Mto Mulongwe ulifurika usiku, ukaua makumi ya watu na kuzoa nyumba kwa maelfu. Dada yetu, ambaye sote humwita Yaya, anakaa si mbali na mto huo na anauza samaki sokoni. Nilimkuta ameshafunga mzigo: ndakala wakavu kwenye mfuko, mikeke mitatu iliyobanikwa, na kitenge kipya cha kuvaa siku ya siku.

“Ziwa limefunguliwa, mudogo wangu,” aliniambia. “Hatuwezi kufika kwa kaka yako mikono mitupu.”

Nchi nne za ziwa hili, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Nilimuuliza Yaya aliishi vipi miezi hiyo. Aliniambia aliuza mkaa, akakopa, akapunguza mlo wa mchana.

“Tuliumia, lakini tuliumia wote. Na kila mtu alijua tarehe ya kufungua.”

Sikuyatilia maanani maneno hayo wakati ule. Baadaye yalinirudia mara nyingi.

Tulitoka Uvira kwa teksi, Yaya akiwa amepakata samaki. Ukishaiacha Kavimvira, bonde linafunguka: Ruzizi na milima ya Burundi kulia, milima ya Wafuliiru kushoto, na katikati ardhi tambarare yenye mihogo, mahindi, mpunga na ng'ombe. Kiliba tulikipita kiwanda cha sukari kilichonyamaza tangu vita vya 1996. Marehemu baba yetu alifanya kazi pale. Kwa mshahara wa pale aliwasomesha kaka na Yaya, na sisi wadogo tukasomeshwa na mihogo ya mama. Kila nikipita namwambia dereva apunguze mwendo.

Vizuizi vilikuwa vingi. Kamba inavutwa kati ya miti miwili, vijana wenye silaha wanachungulia ndani ya gari, wanauliza munatoka wapi na munaenda wapi, na dereva anatoa noti kabla hajaombwa. Pahali pamoja kijana mmoja alimtazama Yaya, akauliza mbona samaki ni wengi. Yaya akamjibu kwa upole, “Ni mahari ya mtoto wetu, baba.” Kijana akaishusha kamba. Alikuwa na umri wa kukaa darasani, na nina hakika naye ana dada.

Sange tulisimama kidogo. Hapa ndipo, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka jioni, watu wakiwa wamejazana katika vibanda vya video kutazama Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 230 walikufa. Hakuna ukoo wa eneo hili usiokuwa na mtu katika makaburi yale ya pamoja, nasi tunaye wetu. Tuliomba kimya, tukaendelea.

Nyumbani Nyakabere uwanja ulikuwa umefagiliwa, mikeka imetandikwa chini ya mwembe, na viti vya plastiki vimeazimwa kanisani. Shemeji yangu alikuwa jikoni na wanawake wa jirani. Sombe ilitwangwa tangu alfajiri, mpunga wa Sange ukapetwa upya ili usitoke na jiwe mbele ya wageni, ingawa wageni wenyewe hawangekuja kuula. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua.

“Wanakula kwao, na sisi tunakula kwetu, saa ile ile,” alisema. “Ndivyo tulivyopatana na mama wa kijana. Na wao wamepika.”

Wakati wa mazungumzo ulipofika, simu yangu iliwekwa juu ya kigoda, sauti imefunguliwa. Wazee walikaa kuizunguka. Kulia alikuwepo mzee Mrundi, jirani yetu wa miaka yote, kushoto mchungaji, na karibu na kigoda kaka yangu, kichwa ameinamisha kama desturi inavyotaka. Baba wa binti haongei sana siku hiyo, wasemaji ni wengine.

“Alo, wazee wa Kamanyola, munatusikia?”

“Tunawasikia. Rezo iko vizuri huku juu ya kilima.”

Walikuwa wamepanda kilima ili sauti isikatike. Nyuma ya msemaji wao tulisikia upepo na mtoto akilia. Kifuliiru chetu na Mashi yao ni lugha za jirani, kila upande unamwelewa mwenzake, kwa hiyo salamu zilikwenda kwa lugha zote mbili na mapatano yakafanyika kwa Kiswahili, ili jirani zetu nao wafuate kila neno. Zilikuja sifa za ukoo, zikaja shukrani kwa malezi ya binti, yakaja na malalamiko ya lazima kuhusu ukali wa mahari. Yalikuwa mazungumzo yale yale niliyoyasikia mara nyingi chini ya mwembe huu. Kilichobadilika ni kwamba wote tulikuwa tunakitazama kigoda.

Ng'ombe ndio walioleta ugumu. Walipatana wanne. Lakini ng'ombe hawezi kuvuka mstari wa vita, na akivuka hafiki. Mwishowe ikakubaliwa kwamba wawili watalipwa kwa fedha ya simu siku hiyo hiyo, na wawili watakuja kwa miguu yao siku barabara itakapofunguka. Hapo mzee Mrundi, ambaye alikuwa kimya muda wote, akainama karibu na simu.

“Ninauliza swali moja. Hao wawili wasipofika, nani atajibu?”

Kamanyola kukawa na kimya. Kisha sauti nyingine, ya mtu mzima, ikasema, “Mimi. Mimi ni mjomba wa kijana. Ikiwa hawakufika, muje kwangu. Na mimi nikifa, mwanangu mkubwa yuko hapa, anasikia.” Kijana mwingine akasema jina lake, akathibitisha.

Mchungaji alikuwa na daftari la shule, lile la mistari. Aliandika kila kitu: ng'ombe, kitenge cha mama, blanketi la baba, kilicholipwa na kinachobaki. Kisha akasoma polepole, sentensi moja moja, na kule juu ya kilima mtu mwingine akaandika maneno yale yale katika daftari lao, akayasoma kwetu tena. Kulikuwa na neno moja lililotofautiana, yeye ameandika “vita vitakapokwisha” na mchungaji ameandika “barabara itakapofunguka”. Wazee walibishana juu ya neno hilo zaidi ya walivyobishana juu ya ng'ombe. Wakakubaliana libaki la barabara, kwa kuwa barabara kila mtu anaiona, na vita hakuna ajuaye vitaisha lini. Simu ya kaka ikalia ujumbe wa fedha. Akausoma kwa sauti. Wanawake wakapiga vigelegele, na kutoka Kamanyola vigelegele vikajibu.

Tulikula. Usiku wazee walibaki uwanjani, na mazungumzo yakaenda yanakoenda kila usiku katika bonde hili. Tarehe 27 Juni mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walikuwa wametia saini mkataba wa amani mjini Washington. Tarehe 19 Julai serikali na M23 wakatia saini tamko la misingi mjini Doha. Redioni yalisemwa mengi mazuri. Kaka alisikiliza, kisha akahesabu aliyoyaona mwenyewe. Aliyaona majeshi ya 1996 yakipita, mwezi ule ambapo hospitali ya Lemera, hapo milimani kwetu, ilishambuliwa tarehe 6 Oktoba, na wagonjwa na wauguzi wakauawa. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa akiiongoza, baadaye alianzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 akapata Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kaka aliwaona Umoja wa Mataifa wakija na kofia za bluu. Aliwaona wakiikabidhi kambi ya Kamanyola kwa polisi wa Kongo tarehe 28 Februari 2024, na kufikia mwisho wa Juni walikuwa wamemaliza kuondoka Kivu Kusini nzima.

“Sisemi walitulinda vizuri,” alisema. “Ninasema kila anayekuja anakuja na karatasi, na karatasi haina mtu wa hapa ndani yake.”

Nilirudi Bujumbura. Ndoa ya kanisani ilipangwa kufungwa baada ya Krismasi.

Tarehe 4 Desemba 2025 marais Félix Tshisekedi na Paul Kagame walikutana Washington mbele ya Rais Donald Trump, wakayathibitisha makubaliano yao. Siku zile zile mapigano yalikuwa yanashuka bondeni: Luvungi, kisha Sange, na kwetu katikati ya hayo. Tarehe 10 Desemba M23 wakaingia Uvira. M23 hawakuwa wametia saini ya Washington, wao walikuwa na meza yao Doha. Mwanasheria atakueleza tofauti hiyo vizuri sana. Kwa mama aliyekuwa anakimbia na sufuria kichwani, meza zote mbili zilikuwa mbali sawasawa.

Kaka na shemeji waliuvuka Ruzizi usiku. Waliandikishwa, wakapelekwa Busuma, upande wa Ruyigi, walikorundikana makumi ya maelfu ya watu mvua ikinyesha. Bibi harusi alikuwa Uvira kwa Yaya, wakajifungia ndani. Burundi ikafunga mpaka. Kwa hiyo mstari, ambao Agosti ulimtenga binti na wakwe zake, sasa ulimtenga na wazazi wake.

Hapo likatokea jambo ninalotaka lijulikane. Mjomba wa kijana, yule aliyesema “mimi” juu ya kilima, aliposikia pikipiki zimeanza tena kushuka hadi Uvira, alipanda moja. Alipita vizuizi vyote hadi nyumbani kwa Yaya. Alileta unga na maharagi. Alimkuta binti mzima, akamshukuru Mungu. Yaya, kwa hofu ya siku zile, alimwambia amchukue, kwani mahari imepokelewa na Kamanyola kumetulia. Mzee alikataa.

“Wazee wake hawapo,” alisema. “Siwezi kumtoa binti wa watu kama mtu aliyeokota kitu vitani. Kaeni naye. Ng'ombe bado wako zizini.”

Januari 2026 M23 wakaondoka Uvira, askari wa serikali wakarudi, na mstari ukarejea bondeni. Binti na wakwe zake wakatengwa upya. Mpaka ninapoandika haya ndoa haijafungwa. Kaka na shemeji bado wako Busuma. Mjomba hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada, kwanza kwa kaka, halafu kwa Yaya, kueleza habari za ng'ombe wale wawili. Mmoja ameshazaa, na ametuambia ndama ni wetu.

Nimeyafikiri sana makubaliano yale ya daftari nikiyalinganisha na yale ya meza kubwa. Sisemi kwamba vita vya nchi ni sawa na mahari. Katika vita hivi kuna madini, kuna majeshi ya kigeni, kuna ardhi, kuna ubishi wa nani ni mwenyeji na nani mgeni ambao umetuua tangu kabla sijazaliwa. Wazee wa Nyakabere hawawezi kuyamaliza hayo kwa kigoda na simu. Lakini wao wanajua mambo matatu ambayo wakubwa wetu wameyaacha nje. Wanaobeba uzito wa neno lazima walisikie likisemwa. Sharti liandikwe kwa kitu ambacho kila mtu anakiona, kama barabara iliyofunguka au tarehe ya Yaya ya ziwa, wala si kwa maneno ambayo kila upande utayafasiri nyumbani kwake. Na kabla ya saini ya kwanza, mtu aulizwe mbele ya mashahidi: lisipotimia, nani atajibu?

Swali hilo la mzee Mrundi halikujibiwa Washington wala Doha. Ndiyo maana siku sita tu baada ya sherehe mji mzima ulianguka, na mpaka leo hakuna aliyesema “mimi”.

Ninaandika haya kwa wanaojadiliana leo na kwa watakaojadiliana kesho, kwa sababu najua karatasi nyingine zitaandikwa. Wekeni ndani yake barabara ya taifa namba 5, kutoka Kamanyola hadi Kavimvira, kwa majina ya vijiji vyake. Semeni siku ambayo mama wa Sange atakwenda soko la Kamanyola na kurudi bila kutoa noti kwenye kamba. Semeni siku ambayo wa Busuma na Musenyi watarudi, na ni nani atakayewapokea. Kisha waiteni Wafuliiru, Warundi, Wavira, Washi na Wanyamulenge wa bonde hili waketi mahali ambapo wanawasikia, na muwape haki ya kuuliza. Watauliza swali moja, na yule ambaye hawezi kulijibu asitie saini.